Kukodi gari Munich mpaka Florence na kurudi kwa Uswisi: hela, kadi, tozo na paking (uzi mrefu)

Mtoa mada: Fundi_Barabara

Wakuu habari za majukumu.

Kila ikikaribia mwezi wa 6 napigiwa simu na ndugu, marafiki na marafiki wa marafiki, swali ni lile lile: tunakuja Ulaya wanne, tunataka tukodi gari tuzunguke nchi tatu nne hivi, tuandae shilingi ngapi? Naishi huku Bavaria na hizi barabara nazipita sana kwahiyo nimeona niandike yote sehemu moja, mwenye nyongeza aongeze. Ntatumia njia ambayo wengi wanaipenda: unatoka Munich, Innsbruck, unavuka Brenner unaingia Italia, Verona, Florence, unapanda Milan, unapita Uswisi kwenye handaki la Gotthard, Zurich, halafu unarudi Munich. Ni kama kilomita 1,600 ukiweka na kuzunguka zunguka mjini.

Niseme mapema, mafuta sio yanayomaliza hela ya watu. Gari dogo linakula lita 6 kwa kilomita 100, piga hesabu ni lita mia moja hivi, na lita ukiikadiria euro 1.70 au 1.80 mtu nne mnagawana euro 40 na ushee kila mmoja safari nzima. Hela inapotea kwenye kadi, kwenye tozo ambazo mtu hakujua zipo, na kwenye faini zinazomfuata mtu Dar miezi baadae akiwa ameshasahau. Na vyote hivyo vinazuilika ukiwa bado uko nyumbani.

Nianze na kadi maana ndo inawarudisha watu pale pale uwanja wa ndege. Kampuni za kukodisha magari huku nyingi zinataka kadi ya krediti, ya plastiki, yenye jina la dereva aliyeandikwa kwenye mkataba. Sio jina la mke, sio la kaka aliyelipia booking. Wanazuia depoziti kwenye hiyo kadi, inaweza kuwa euro 300 inaweza kufika 1,500 au zaidi kutegemea gari na bima uliyochukua. Hela haichukuliwi ila inafungwa, huwezi kuitumia, na ukirudisha gari inaweza kuchukua siku kadhaa mpaka wiki mbili tatu kuachiwa. Sasa kama kadi yako ni debit (wakikubali kuipokea) hiyo ndo hela yako halisi ya kula na kulala imefungwa hivyo. Kwahiyo kabla hujalipia gari soma masharti ya malipo ya ofisi ile ile unayochukulia gari, usisome ya kampuni kwa ujumla, maana ofisi ya Munich na ya Milan zinaweza kuwa na masharti tofauti. Halafu nenda benki kwako mwambie afisa nasafiri nchi hizi, tarehe hizi, afungue matumizi ya nje na apandishe limit ya siku. Na umuulize makato ya kutumia kadi nje ni asilimia ngapi, akuonyeshe kwa maandishi.

Jambo lingine ambalo watu hawalifikirii kabisa: OTP. Ukinunua kitu mtandaoni ukiwa huku, tozo ya barabara, paking, hoteli, benki yako inatuma namba ya siri kwenye laini yako ya Bongo. Laini ikiwa haina roaming au umeiacha nyumbani ndani ya droo, malipo hayapiti. Washa roaming ya meseji kabla hujapanda ndege, zima data tu. Ukiwa na simu ya laini mbili umemaliza kazi, ya nyumbani inapokea meseji, ya huku inakupa bando. Laini ya Ujerumani inafanya kazi Austria na Italia kwa bando lile lile maana roaming ndani ya Umoja wa Ulaya haina gharama ya ziada, ila USWISI HAIMO. Ukikaribia mpaka pale Chiasso zima data au ununue bando la Uswisi kwanza, ramani uwe umeshazishusha kwenye simu ukiwa Milan.

Sasa mashine ya kadi. Umejaza mafuta umeingia ndani, mhudumu anakugeuzia mashine, kwenye skrini kuna bei mbili: juu EUR 62.40, chini inaonyesha shilingi, na ile ya shilingi mara nyingi imewekwa kwenye kitufe cha kijani ili kidole kiende chenyewe. Chagua EURO. Ukichagua shilingi rate inapangwa na wenye mashine sio benki yako, na wanajiwekea faida yao hapo, asilimia kadhaa kila unapochanja. ATM hivyo hivyo, itakuuliza ukubali rate yake, we kataa, itakupa hela tu kama kawaida na benki yako itabadilisha yenyewe. Na ATM tafuta ya benki yenyewe iliyo ukutani mwa jengo la benki, hizi zinazosimama peke yake karibu na maduka ya zawadi na stesheni makato yake ni makubwa.

Keshi bado inahitajika, msidanganyike kwamba Ulaya ni kadi tupu. Ujerumani hasa, mgahawa mdogo au duka la mkate unakuta kibao Nur Bargeld, yaani keshi tu. Tembea na euro 100 mpaka 150 za noti ndogo ndogo, na sarafu za euro 1 na 2 mziweke kwenye kikopo cha gari. Choo cha barabara kuu Ujerumani sehemu nyingi ni euro 1 mtu, unapewa kikaratasi cha euro 1 cha kupunguzia ununuzi pale pale, usikitupe. Uswisi wanatumia faranga, euro wanapokea sehemu nyingi ila chenji wanakurudishia kwa faranga na rate yao wenyewe, huko tumia kadi kwa faranga na umalize.

Tozo. Ujerumani gari dogo halilipi barabara. Austria unahitaji vignette, yaani stika au kibali cha mtandaoni cha kupita barabara kuu, ya siku 10 ni euro 12 na ushee, ya siku moja ipo ni euro 9 na kitu. Inunue sheli ya karibu na mpaka. Ila ule mteremko na mlima wa Innsbruck kwenda Brenner, barabara ya A13, unalipiwa mbali, kati ya euro 11 na 13, kwahiyo usishangae ukisimamishwa kwenye kizuizi na vignette unayo. Hapo unapita juu ya Europabrücke, daraja la tangu 1963 lenye kimo cha mita 190 hivi, abiria wafaidi, dereva angalia mbele.

Italia unachukua tiketi unapoingia autostrada (barabara kuu ya kulipia) unalipa unapotoka. Ukifika kwenye mageti angalia alama za juu: njano ya Telepass USIINGIE, ni ya wenye kifaa tu. Bluu ni kadi, nyeupe yenye picha ya noti na sarafu ni keshi. Tiketi mpe abiria wa mbele aishike maana ukiipoteza wanakutoza kama umetokea mbali kuliko kote. Mashine ikigoma kusoma kadi yako usirudi nyuma hata siku moja, bonyeza kitufe cha msaada, itatoa karatasi ndefu ya deni, unalipa mtandaoni ndani ya siku 15 bila adhabu. Italia yote kwa njia hii wekeni euro 60 mpaka 70.

Uswisi vignette ni moja tu, ya mwaka, faranga 40, hata ukipita nusu siku. Tangu 2023 ipo ya mtandao inayofungwa na namba ya gari, unainunua kwa simu ukishakabidhiwa gari. Inakuvusha na Gotthard, kilomita karibu 17 chini ya mlima, hulipi tena. Ukikamatwa bila hiyo ni faini faranga 200 na vignette unanunua bado. Ukirudi kutoka Zurich unakatiza kipande cha Austria pale Bregenz, kile kipande cha A14 kati ya Hohenems na mpaka wa Ujerumani hakidai vignette, kwahiyo kama ile ya siku 10 imeisha usihangaike.

Na mwisho kwa leo ni ZTL, ndo inayoumiza Watanzania wengi. Katikati ya miji ya Italia, Florence, Pisa, Bologna, Milan, kuna maeneo gari la mgeni haliruhusiwi muda fulani. Hakuna trafiki, hakuna geti. Kuna kibao cheupe chenye duara jekundu na kamera juu yake. Kila kamera unayopita inaweza kuwa faini yake. Kampuni ya gari inatoa jina lako kwa manispaa, inakukata kwenye kadi ada ya kushughulikia karatasi, mara nyingi euro 30 mpaka 60, HIYO SIO FAINI, faini yenyewe inakuja baadae kwa posta. Ikifika lipa ndani ya siku 5, wanakupunguzia asilimia 30.

Kwa kikundi: chagueni mweka hazina mmoja, kila mtu atoe euro 200 mwanzo, ziingie kwenye kadi moja au pochi moja, hiyo ndo inalipa mafuta, tozo, paking na vyakula vya pamoja. Kila malipo picha ya risiti inatupwa kwenye grupu la WhatsApp saa hiyo hiyo. Pochi ikibaki euro 100 mnachanga tena. Nimeona undugu unaingia baridi kwa sababu ya mtu mmoja kulipia mafuta mara tatu na kuona aibu kudai, sio jambo zuri kabisa.

Karibuni.

Mjukuu wa Kisauni

Asante sana ndugu, umetusaidia. Mimi niko Mombasa, sina kadi ya krediti, natumia M-Pesa ile ya GlobalPay yenye namba za Visa na debit ya benki. Nikija na hizo nitapata gari kweli?

Fundi_Barabara

@Mjukuu ile ya M-Pesa ni kadi ya kwenye simu, haina plastiki, kaunta ya gari hawataipokea kwa depoziti. Ila usiidharau, kulipia vignette mtandaoni na hoteli ni nzuri maana unaweka kiasi unachotaka tu. Kwa gari una njia mbili. Kuna ofisi zinapokea debit kwa sharti uchukue bima yao kubwa ya kaunta, inapandisha bei ya siku ila depoziti inashuka, andika kwa email uwaulize wakujibu kwa maandishi na hayo majibu uje nayo. Njia ya pili mwenzenu mwenye krediti ndo awe dereva mkuu kwenye mkataba na wewe uandikwe dereva wa pili, unalipiwa kidogo kwa siku. Usiendeshe kama jina lako halimo, likitokea la kutokea bima haikujui.

Mama Watatu

Mimi nina nyongeza ya wenye familia. Tulienda na watoto, nikajifunza kwamba Jumapili Ujerumani, Austria na Uswisi maduka yamefungwa, kabisa, sio mchezo. Jumamosi jioni mnunue mkate, maziwa, maji na pampasi. La dharura stesheni kubwa za treni na sheli za barabarani huwa wazi ila bei imechangamka. Chupa za maji na soda Ujerumani za plastiki mmelipia senti 25 kila moja juu ya bei, mkizirudisha kwenye mashine ya supamaketi mnarudishiwa, watoto wangu ndo ilikuwa kazi yao na walikuwa wanaipenda.

Uswisi chakula ni ghali jamani. Mnunue Italia kabla ya kuvuka, ila nyama forodha wanaruhusu kilo moja kwa mtu kwahiyo msijaze buti. Viti vya watoto muulize kampuni bei kwa siku mapema, sheria Ujerumani na Uswisi ni mpaka mtoto afike miaka 12 au sentimita 150. Wakati mwingine kununua kile cha kukalia tu dukani ni nafuu kuliko kukodi siku kumi.

Na hoteli za Italia, ile bei mliyolipa mtandaoni mara nyingi haina kodi ya mji, mtaombwa pale mapokezi kwa kila kichwa kwa kila usiku, wengine wanaitaka keshi. Muweke pembeni.

Kamanda wa Ubungo

Mkuu madini matupu. Ila mimi ni wa upande mwingine, kwanini mtu ajitese na ZTL na depoziti wakati treni zipo? Munich Verona treni ipo ya moja kwa moja, unalala, unaamka unaona milima, hakuna tochi hakuna faini.

Fundi_Barabara

@Kamanda una hoja na mtu anayesafiri peke yake au wawili wakienda miji mikubwa tu namshauri treni bila kusita, anunue tiketi mapema. Gari linalipa mkiwa watatu wanne, au mna wazee na watoto na mabegi, au mnataka vijiji, Ziwa Garda, Dolomiti, mashamba ya Toscana, kule basi linapita mara chache. Wengine wanachanganya, treni mpaka Florence halafu gari siku mbili tatu za vijijini. Hiyo ni akili sana na inawapunguzia depoziti na paking.

Dereva Mwanamke

Hamjagusa upande wa kuendesha. Huku ni kulia, usukani uko kushoto. Ombeni gari la automatic mapema, Ulaya magari ya manual ndo mengi na za automatic zinaisha msimu wa kiangazi. Kipilefti unaingia kwa kulia na unazunguka kinyume na tulivyozoea, walio ndani ndo wenye haki mara nyingi. Siku ya kwanza msichukue gari mkitoka kwenye ndege ya usiku, laleni kwanza, mchukue asubuhi mkiwa na akili.

Leseni ya kimataifa mbebe, Italia na Austria wanaitaka pamoja na ya nyumbani. Tanzania inatolewa na Automobile Association of Tanzania, Kenya AA Kenya. Ni kijitabu cha karatasi, sio hizi kadi zinazouzwa mitandaoni.

Spidi Italia, Austria ni 130 barabara kuu, Uswisi 120, Italia mvua ikinyesha inashuka 110. Uswisi tochi hazisamehi hata kidogo. Na foleni ikisimama Ujerumani au Austria kila gari la kushoto linabana kushoto, wengine wanabana kulia, mnaacha njia katikati kwa ajili ya gari la wagonjwa. Ni sheria na ina faini.

Kwenye mafuta wengi wanaogopa kukosea. Angalieni alama: petroli iko kwenye DUARA imeandikwa E5 au E10, dizeli iko kwenye MRABA imeandikwa B7. Hiyo ni Umoja wa Ulaya wote tangu 2018, na kwenye kifuniko cha tenki la gari jipya alama hiyo hiyo ipo. Ifuateni hiyo tu maana Italia dizeli wanaiandika gasolio na mtu akiharakisha anadhani ni petroli. Italia pia pampu ya kujihudumia ni nafuu kuliko ya kuhudumiwa, iliyoandikwa servito ni ya kuhudumiwa.

Mzee wa Kigoma

Sisi tunafikiria kuongeza Croatia. Viza yetu ni ya kuingia mara moja. Kuna shida?

Fundi_Barabara

@Mzee shikamoo. Croatia imeingia Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na euro tarehe 1 Januari 2023, kwahiyo viza ile ile inatosha na hela ni ile ile. Mtego uko kusini. Mkitoka Split kwenda Dubrovnik barabara ya zamani inapita Neum ambayo ni Bosnia, nje ya Schengen, na kwa viza ya kuingia mara moja ukishatoka huna ruhusa ya kurudi ndani. Tangu 2022 kuna daraja la Pelješac linalowapitisha juu ya bahari mkibaki Croatia mwanzo mwisho. Kwenye ramani ya simu hakikisheni njia inapita Pelješac kabla hamjaondoka Split. Mkipita Slovenia nako kuna vignette yake, ya wiki ni kama euro 16, na faini ya kukosa inaanzia 300. Na muulizeni mwenye gari kama mkataba unaruhusu nchi hizo, ziandikwe kwa majina.

Mjukuu wa Kisauni

Swali la mwisho, Florence gari tunaliacha wapi kama katikati hakuingiliki?

Fundi_Barabara

Kuna paking inaitwa Villa Costanza, iko pale pale kwenye autostrada A1, unaingia bila kutoka kwenye barabara ya kulipia, unaacha gari, unapanda tramu ya T1 inakupeleka stesheni ya Santa Maria Novella chini ya nusu saa. Hakuna ZTL inayokuhusu. Kwingine Italia mstari wa bluu ni wa kulipia, mweupe bure, wa njano ni wa wenyeji usiuguse. Mabegi na pasipoti msiache ndani ya gari hata kama ni dakika kumi za kahawa.

Na siku ya kurudisha gari Munich jaza tenki karibu na uwanja, weka risiti, piga video gari zima pande zote na dashibodi ionyeshe mafuta na kilomita. Rudisha saa ofisi ikiwa wazi, mtu alikague ukiwepo, akupe karatasi yenye sahihi. Ukidondosha funguo kwenye boksi usiku, ukaguzi unafanyika asubuhi wewe ukiwa angani na depoziti yako bado iko kwao.